Miaka Mwalimu Alipokuwa Hana Mshahara



Mwaka huu tumechagua maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Hatumzungumzii yule wa Ikulu, ambaye watoto wetu humsoma shuleni. Tunataka kukumbushana miaka ya 1955 hadi 1958, alipokuwa kiongozi asiye na kipato, akilelewa na watu aliowaongoza.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere na Edinburgh. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, na akawa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Siku za mapumziko alikwenda Dar es Salaam kwa kazi za chama, mara nyingi kwa miguu.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, yeye akiwa rais wake. Machi 1955 ilibidi aende New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Chama hakijatimiza mwaka, mfuko mtupu! Safari ile ilipatikana kwa michango, na John Rupia, mfanyabiashara aliyekuwa makamu wa rais wa chama, alitoa fungu kubwa. Wazee wa Dar es Salaam, wakiongozwa na Sheikh Suleiman Takadir, walimwombea dua kijana huyo Mkatoliki.

Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi. Familia bado changa, mshahara hakuna. Alikwenda kwanza Butiama kwa miezi kadhaa, kisha akarejea Dar es Salaam. Hapo ndipo tunapaswa kuangalia vizuri. Abdulwahid Sykes alimpokea nyumbani kwake. Dossa Aziz alitoa gari lake litumike kwa kazi ya chama. Mama Maria akafungua duka dogo. Bibi Titi Mohamed alizunguka kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama, na kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga. Wengi wao hawakuwa na mali. Walitoa senti walizopata kwa vibarua na biashara ndogo ndogo. Mweka hazina yeyote wa chama cha kijijini anajua kwamba fedha za namna hiyo huchelewa kujaa, lakini huja na watu wake.

Mwaka 1958 Serikali ya kikoloni ilimshtaki kwa makala aliyoandika katika gazeti la chama kuhusu wakuu wa wilaya wawili. Alitiwa hatiani: faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita. Watu wakachanga, faini ikalipwa, akarudi kwenye mikutano.

Tusidhani wote walikubaliana naye. Mwaka huohuo Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake, na Sheikh Takadir mwenyewe akatengana na TANU. Kumsaidia kiongozi hakukuwa na maana ya kumwitikia kila jambo, na kwa maoni yetu ndiyo sababu msaada ule ulikuwa na uzito.

Yaliyofuata yanajulikana: Uhuru mwaka 1961, na vita vya 1978 na 1979, mkoa wetu wa Kagera ulipovamiwa. Sisi wa mpakani tunakumbuka pia kwamba akiwa mzee, tangu 1996, alisuluhisha mgogoro wa majirani zetu wa Burundi, kazi aliyokuwa nayo mpaka kifo chake London tarehe 14 Oktoba 1999.

Baada ya vita vya Kagera, Jeshi la Wananchi liliamua kumjengea nyumba Butiama kama shukrani. Ilikamilika mwaka 1999. Alikaa humo siku chache tu.