Krapf na Mtu Mmoja wa Rabai

Soma: Yohana 4:35–38, 1 Wakorintho 3:5–9, Isaya 55:10, 11.

Kila Sabato asubuhi, kabla ya kufungua lesoni, karani wa darasa huchukua kadi na kuuliza. Wangapi wamejifunza kila siku? Wangapi wamegawa vijizuu? Wangapi wamejifunza Biblia na mtu nyumbani kwake? Vingunguti maswali mawili ya kwanza hujibiwa upesi. La tatu huleta ukimya. Nyumba zimebanana, jirani wa upande huu ni Mwislamu aliyesoma chuoni tangu utoto, wa upande wa pili ni kijana wa machinjioni anayerudi usiku amechoka, na mwenye nyumba hataki mambo ya dini barazani kwake. Ndugu amesalimiana nao miaka sita, amewaombea, na hakuna hata mmoja aliyeingia majini. Ndugu huyo ndiye aliyenifanya nimkumbuke Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji kilicho karibu na Tübingen, Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, na mwaka 1837 alikwenda Ethiopia akitumwa na CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza. Hakuwa Msabato, siku zile hapakuwa bado na watu wa jina hilo. Huko Ethiopia alifukuzwa Tigre, akapokewa Shoa, kisha njia ya Shoa nayo ikafungwa. Mke wake Rosine alijifungua nyikani kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi.

Mapema mwaka 1844 walifika Unguja. Sultani Seyyid Said, Mwislamu, alimwandikia Krapf barua ya kumtambulisha kwa wakubwa wa pwani ili apokewe vizuri. Mombasa alipata msaada mwingine ambao huenda tusingeutazamia: kadhi wa mji, Ali bin Modehin, aliketi naye kumsaidia alipokuwa akikitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Kazi hiyo ilianza tarehe 8 Juni 1844. Kadhi hakuacha dini yake, wala Krapf hakuificha ya kwake. Waliketi pamoja wakatafuta neno linalofaa.

Mwezi uliofuata homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua binti tarehe 6 Julai. Juma moja baadaye alikufa, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, hana nguvu hata za kusimama vizuri kaburini. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapita njia walione kaburi lake na kukumbuka kilichomleta. Akazikwa huko. Miezi mitatu baada ya hapo, mbali sana huko Marekani, waumini waliokuwa wakimngoja Bwana arudi tarehe 22 Oktoba 1844 walilia mpaka kukacha. Kanisa letu lilitokana na kilio kile. Mombasa, mgane mmoja alikuwa ameshika tena kalamu, anaandika maneno ya Kiswahili.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann. Wazee wa Rabai, ng'ambo ya bandari na juu kidogo mlimani, waliwakubalia kujenga. Walipohamia mwezi wa Agosti wote wawili walikuwa na homa. Wakajenga kwa mikono yao, wakaanza kutembelea vijiji, nyumba kwa nyumba. Watu walisikiliza kwa adabu, wakarudi kwenye shughuli zao. Miezi ikapita, kisha miaka.

Kusema kweli, Krapf hakuwa mtu mwepesi. Aliwalaumu wenyeji kwa ulevi na kwa kutojali, na baadhi ya maandishi yake juu ya mila zao leo yanaumiza kuyasoma. Tena alikuwa na ndoto kubwa kuliko nguvu zake: vituo vya misheni vilivyofuatana kama mnyororo kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi. Mnyororo huo haukupata kuwako maishani mwake. Nadhani ndoto ile ilimfanya aone udogo wa kila kilichokuwa karibu naye.

Lakini kulikuwa na Mringe. Alikuwa kiwete, na hapakuwa na sababu ya mgeni yeyote kumtafuta, maana hakuwa mzee wa kaya wala mtu wa kuwavuta wengine. Krapf alikwenda kwake. Walizungumza mpaka usiku juu ya ulimwengu ujao, na Mringe akauliza, akasikia, akauliza tena. Alibatizwa akiwa kitandani, karibu na kufa. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza. Kwa hesabu ya kadi ya darasa: miaka mingi, makaburi mawili, ubatizo mmoja, na aliyebatizwa akafa.

Hapa simama kidogo, ndugu mwanafunzi. Ungekuwa karani, ungeandika nini? Na je, kuna Mringe katika mtaa wako ambaye hujawahi kuingia kwake, kwa sababu hata akiamini hataongeza idadi ya wanaokaa kanisani?

Vitabu vya shule humkumbuka Krapf kwa Mlima Kenya, alioushuhudia tarehe 3 Desemba 1849. Hilo si la lesoni hii. Mwaka 1853 afya ilimshinda akarudi Ulaya. Rebmann alibaki Rabai mpaka mwaka 1875, macho yakiwa yamekwisha karibu kabisa, na kundi lililokuwa pale lilikuwa dogo kiasi cha kujulikana kila mtu kwa jina.

Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilizoandikwa Mombasa zilichapwa Marekani mwaka 1847. Wengine waliendeleza kazi, hasa huko Unguja, na Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891, kwa lahaja ya Unguja wala si ile ya Mombasa aliyoipenda Krapf. Mwaka 1903 Ehlers na Enns, wamisionari wetu wa kwanza katika nchi hii, walipopanda milima ya Upare na kuanza kazi Giti, Kiswahili kilikuwa tayari na Biblia.

Krapf hakuona hayo. Alikaa Korntal, Ujerumani, akiandika na kusahihisha. Usiku mmoja wa Novemba 1881 alikwenda kulala kama kawaida, na asubuhi ya tarehe 26 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa London mwaka uliofuata.