Fazlur Rahman Khan: Mhandisi Aliyejenga Juu ya Msingi



Wapenzi wanafunzi na wazazi, kila mwaka huulizwa swali hili: mtoto anayetaka uhandisi, je, arushwe darasa la hisabati ili awahi chuo, au aende hatua kwa hatua na wenzake? Tumeona tuwasimulie maisha ya Muislamu mmoja ambayo yana jibu ndani yake.

Fazlur Rahman Khan alizaliwa tarehe 3 Aprili 1929 mjini Dhaka, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na mwandishi wa vitabu vya shule. Kijana alivutiwa na fizikia, lakini baba akamshauri asome uhandisi, naye akatii. Alisomea Shibpur, karibu na Calcutta, kisha akamalizia Dhaka akiwa wa kwanza darasani. Hata hapo hakukimbilia ng'ambo. Kwanza alifanya kazi ya uhandisi wa barabara na kufundisha.

Mwaka 1952 alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois. Ndani ya miaka 3 tu alipata shahada 2 za uzamili na moja ya uzamivu. Huo ndio mwendo kasi, lakini angalieni ulikuja lini: baada ya msingi kukomaa.

Mjini Chicago alikabiliana na adui wa jengo refu, nao ni upepo. Akaona kwamba nguzo zikipangwa karibu karibu kwenye kuta za nje, jengo zima husimama kama mwanzi: wazi ndani, imara nje. Kwa fikra hiyo akafunga pamoja mianzi 9 ya namna hiyo, likapatikana jengo la Sears Tower lenye ghorofa 110 na kimo cha mita 442, lililofika kileleni mwaka 1973. Hadi miaka ya 1990 halikupitwa na jengo jingine duniani.

Kazi yake nyingine wanaijua mahujaji wetu: mahema 210 ya uwanja wa ndege wa Jeddah, yaliyofunguliwa mwaka 1981. Alifariki Jeddah tarehe 27 Machi 1982, akiwa na umri wa miaka 52. Allah amrehemu.

Basi wazazi, kabla ya kumrusha mtoto, mwambieni amfundishe mdogo wake hesabu aliyoipata. Akieleza kwa nini, si jibu tu, msimzuie; mwacheni aende. Akibabaika, mpeni muda. Wanafunzi wa mirathi mnajua: ukikosea sudusi moja, mrithi anadhulumiwa. Mhandisi akikosea, watu wanaangukiwa na ukuta. Kuchelewa mwaka mmoja ni hasara ndogo kuliko hiyo.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.