Helen Keller: Magazeti yalimpenda, hadi alipotoa maoni yake

Magazeti ya Marekani yalianza kuandika habari za Helen Keller akiwa bado mtoto. Msichana asiyeona wala kusikia, lakini anasoma na kuandika! Kila mhariri aliitaka stori hiyo.

Helen alizaliwa Juni 27, 1880, Tuscumbia, jimbo la Alabama. Akiwa na miezi 19 aliugua, akapoteza uwezo wa kuona na kusikia. Mwaka 1887 akaja mwalimu Anne Sullivan, ambaye naye alikuwa na uoni hafifu. Alimfundisha kwa kumwandikia herufi kiganjani kwa vidole.

Mwaka 1902 jarida la Ladies' Home Journal lilichapisha simulizi ya maisha yake, sehemu baada ya sehemu. Miaka miwili baadaye alihitimu shahada katika Chuo cha Radcliffe.

Hapo angeweza kutulia tu na kupigiwa makofi. Hakutulia.

Mwaka 1907, kupitia jarida hilohilo, aliandika jambo ambalo magazeti mengi yaliona aibu kulitaja. Watoto wachanga walikuwa wanapofuka kwa maambukizi wanayoyapata wakati wa kuzaliwa, mara nyingi yakitokana na kisonono cha mzazi. Matone machache ya dawa machoni, mara tu mtoto anapozaliwa, yangewaokoa.

Kadiri alivyofuatilia chanzo cha upofu, ndivyo alivyokutana na umaskini na viwanda visivyojali usalama wa wafanyakazi. Mwaka 1909 akajiunga na Chama cha Kisoshalisti.

Sifa zikageuka. Mhariri wa gazeti la Brooklyn Eagle, ambaye huko nyuma alimmwagia sifa ana kwa ana, sasa akaandika kwamba makosa ya Helen yanatokana na upungufu katika makuzi yake.

Helen hakukaa kimya. Mwaka 1912 alijibu kupitia gazeti la New York Call. Alitaka mhariri huyo apambane na hoja zake, sio kuwakumbusha watu kwamba haoni wala hasikii. Akaongeza kuwa kipofu na kiziwi hapo ni gazeti lenyewe, maana linatetea mfumo unaosababisha sehemu kubwa ya upofu na uziwi.

Kuanzia 1924 alifanya kazi na Taasisi ya Marekani ya Wasioona, akichangisha fedha na baadaye kuzunguka zaidi ya nchi 30. Alifariki Juni 1, 1968, akiwa na miaka 87.

Hadi leo, mtu mwenye ulemavu akitokea kwenye habari, mara nyingi ni kwa kuonewa huruma au kushangaliwa. Helen alidai kitu kingine kabisa: aulizwe maoni yake, na akikosea abishiwe kama mtu mwingine yeyote.