Beryl Markham, Bibi wa Farasi wa Njoro

Sisi watu wa mwambao tumemjua farasi chuoni kabla ya kumwona kwa macho. Surat al-Adiyat tumeihifadhi tungali wadogo, lakini mnyama tuliyekua naye vichochoroni ni punda. Kwa hivyo si ajabu ikiwa wengi wetu hatukupata kusikia habari za bibi mmoja wa Kizungu aliyekulia Njoro, karibu na Nakuru, akafanya kufundisha farasi wa mbio kuwa kazi ya kumpa riziki, katika zama ambazo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume watupu.

Beryl Clutterbuck alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Jina la Markham alilipata kwa mume wake wa pili. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuja huku mwaka 1904, na ndio mwaka ule ule uliofungwa mkataba wa kuwaondoa Wamasai katika Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Hilo tulikumbuke, maana nchi ile haikuwa tupu. Mama mtu hakuyaweza maisha ya bara; alirudi kwao na mtoto wa kiume, binti akabaki na baba.

Basi binti huyo akalelewa na farasi, na watoto wa watu waliofanya kazi shambani, Wanandi na Wakipsigis. Kiswahili alikisema tangu utotoni. Alitupa mkuki, akapigana mieleka na kufuata wawindaji msituni pamoja na kijana mwenzake aitwaye Kibii.

Baba alikuwa na kinu cha unga, na alikuwa amefunga mikataba ya kuuza unga kwa bei maalumu. Mvua zikakosa. Nafaka ikapanda bei, naye akawa ananunua ghali na kuuza rahisi mpaka akafilisika. Shamba likauzwa, akaenda zake Peru kufundisha farasi. Beryl hakumfuata. Alipokuwa na umri wa miaka kama 18 hivi alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio, na hapakuwa na mwanamke mwingine nchini aliyewahi kuipata.

Kazi aliifanyia Molo na Nakuru, kwa mali kidogo mno. Hapo ndipo Kibii alipomrudia, sasa mtu mzima, ameshatahiriwa na jina lake ni arap Ruta. Akawa saisi wake na mkono wake wa kuume. Lakini yule aliyecheza naye mieleka sasa alimwita Memsahibu, na njiani akampisha apite mbele. Beryl mwenyewe ameliandika jambo hili, na ukisoma unaona lilimchoma. Hata hivyo hakulibadili.

Mwaka 1926 alikuwa akimfundisha farasi mmoja kwa ajili ya mashindano ya St. Leger mjini Nairobi. Kabla ya mashindano, mwenye farasi akaingiwa na shaka juu ya msichana huyu, akamwondoa mnyama wake. Beryl alibakiwa na farasi jike, Wise Child, mwenye miguu mibovu ambayo ingeweza kumwangusha wakati wowote. Yeye na Ruta wakaikanda miguu ile siku hata siku. Wise Child alishinda, na miongoni mwa walioachwa nyuma ni yule farasi aliyeondolewa. Kitabu cha ushindi kiliandikwa jina la Beryl. La Ruta, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, halikuwamo.

Baadaye akaingia katika urubani, na Ruta akamfuata huko pia, akiitunza ndege kama alivyotunza farasi. Usiku wa tarehe 4 Septemba 1936 Beryl aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York, kinyume cha upepo. Baada ya saa zaidi ya 20 mafuta yakazibana njiani, akaangukia kwenye tope la Nova Scotia, Kanada, na jeraha la kichwa. New York hakufika, lakini hakuna mwanamke aliyekuwa ameivuka Atlantiki namna ile kutoka Uingereza.

Habari za ndoa zake tatu na mambo ya chumbani zimeandikwa kupita kiasi, nami siziongezi. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942, kikasahauliwa. Wako wanaodai kuwa aliyekiandika ni mume wake wa tatu, Raoul Schumacher. Mimi nikisoma pale anaposimulia kuzaliwa kwa mtoto wa farasi, siamini kuwa ni maneno ya mtu ambaye hakuwako.

Alirejea Kenya baada ya vita, akafundisha farasi tena, baadhi ya miaka hiyo akiwa kando ya ziwa Naivasha, na Derby ya Kenya akaitwaa tena na tena. Uzeeni alikuwa fukara, akikaa katika nyumba ndogo penye uwanja wa mbio wa Ngong, na wezi walimvamia wakampiga. Kitabu kilipochapishwa upya Marekani mwaka 1983 ndipo alipopata cha kumkimu. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, umebaki mwezi mmoja itimie miaka 50 tangu aanguke kwenye lile tope.