Padre Cecil Majaliwa

Kwetu ni Marambo, Nachingwea, jirani na nchi ya Masasi na Newala, alikofanya kazi Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao. Utotoni alitiwa utumwani, akakombolewa, akalelewa na Misheni ya UMCA huko Unguja. Alisoma Kiungani, na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali kwa Jumbe Nakaam.

Hapo ndipo ninapomstaajabia. Unguja alikuwa salama. Bara ndiko walikochukuliwa watoto kama yeye, na biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Tena mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, walikuwa wameivamia misheni ya Masasi, wakachoma nyumba na kuteka watu, na kila mtu alijua kwamba waweza kurudi. Naye alikwenda huko pamoja na jamaa yake!

Sisadiki kwamba hakuogopa. Mtu aliyekwisha kuwa mtumwa ajua vema anachokiogopa. Nadhani alisali, akafunga mizigo yake hali moyo ukimdunda, akamwachia Mungu yaliyobaki. Mimi, kusema kweli, naogopa hata kuvuka uwanja usiku kutoka darasani hadi bwenini.

Mwaka 1890 alipewa upadre, wa kwanza kwa Mwafrika katika UMCA. Akarudi Chitangali, akafundisha na kubatiza, mara nyingi bila Mzungu karibu yake, hata mwaka 1897 aliporejea Unguja. Alikuwa amekaa miaka 11.