Farrokh Bulsara wa Unguja, Fundi wa Nyimbo za Kutisha

Kila mwaka, zifikapo siku za mwisho za mwezi wa Oktoba, vijana wengi huzungumza juu ya desturi ya kigeni iitwayo Halloween. Sisi wa shule za misheni tunaujua usiku wa tarehe 31 kwa jina jingine: ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Lakini huko Marekani na Uingereza usiku huo ni wa kutishana kwa mchezo. Watu huvaa nyuso za bandia, hutazama sinema za kutisha, na husikiliza santuri za ule muziki mzito wa magitaa uitwao metali. Kwa njia ya simu za mkononi desturi hiyo imefika hata hapa Ruziba, na ubishi juu ya santuri ipi hutisha kupita zote si mgeni tena kwetu. Katika ubishi huo yuko mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi, naye ni mtu wa pwani ya Afrika Mashariki. Huyo ndiye nitakayemweleza.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba sinema hizo na muziki huo ni ndugu wa karibu sana. Mwaka 1963 Mwitalia mmoja, Mario Bava, alitengeneza sinema ya kutisha ambayo katika nchi za Kiingereza iliitwa Black Sabbath. Ndani yake alicheza mzee Boris Karloff, yule yule aliyekuwa zimwi katika Frankenstein ya mwaka 1931. Mwaka 1969 vijana wanne wa Birmingham walilichukua jina la sinema hiyo wakajiita kwalo. Santuri yao ya kwanza ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, na wengi huihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa metali. Mpiga gitaa wao aliitwa Tony Iommi, nasi tutamkuta tena mbele.

Sasa twende Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa katika Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, na mama yake, Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat huko Bara Hindi, wafuasi wa dini ya kale ya Zarathustra. Bomi alikuwa mtunza fedha katika kazi ya Serikali ya Kiingereza. Msomaji asiione Unguja kuwa mbali nasi. Ndiko alikoondokea Stanley mwaka 1871, katika safari iliyomfikisha yeye na Livingstone hata Mugere, penye lile jiwe lao upande wetu huu wa kusini. Na hata lugha hii ninayoiandika ilipanda hadi ziwani pamoja na misafara ya pwani.

Farrokh alianza kusoma kwa wamisionari hapo hapo Unguja. Alipotimiza miaka 8 wazazi walimvusha bahari wakamtia katika shule ya bweni ya St. Peter's, mjini Panchgani, milimani kusini ya Bombay. Ndugu yake Kashmira alikuwa angali mtoto mdogo. Mwaka ulipita baada ya mwaka, naye akiwaona wazazi wake mara chache tu. Aliyepata kulala bweni akiwa mdogo hahitaji maelezo. Wenzake walimcheka kwa ajili ya meno yake, maana alizaliwa na meno manne ya ziada, nayo yaliyasukuma ya mbele yakatokeza nje. Ndio hao hao waliompa jina la Freddie. Alijifunza piano, na mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 12, yeye na wavulana wenzake wanne waliunda bendi ya shule iitwayo The Hectics.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Tarehe 10 Desemba ya mwaka ule kisiwa kilipata uhuru, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Sultani alikimbia, na katika siku zile na majuma yaliyofuata maelfu ya watu waliuawa, hasa Waarabu. Wahindi pia walishikwa na hofu kuu. Akina Bulsara walikusanya vitu vichache wakaondoka kwenda Uingereza, wakakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa London. Hapa Burundi, baada ya mwaka 1972 na mwaka 1993, hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya kuhama nyumba na kile tu ambacho mkono waweza kukibeba. Farrokh alikuwa na miaka 17. Alipokuwa mtu mashuhuri aliulizwa mara nyingi juu ya asili yake, naye alikuwa mwepesi wa kugeuza mazungumzo. Miezi ile ya Unguja hakuitungia wimbo hata mmoja unaoitaja.

Uingereza alisomea uchoraji katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Aliwahi kufanya kazi ya kupakia mizigo uwanjani Heathrow, kisha akauza nguo katika soko la Kensington. Mwaka 1970 alijiunga na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Bendi akaipa jina la Queen, na yeye mwenyewe akajiita Mercury. Mwaka uliofuata aliingia John Deacon. Nembo ya bendi aliichora kwa mkono wake, akifuata nyota za kuzaliwa za wote wanne: simba wawili, kaa, na mabinti wawili wa kichawi, na juu yao ndege yule wa hadithi afufukaye katika majivu.

Nitakawia kidogo juu ya santuri yao ya pili, iliyotoka Machi 1974, kwa kuwa hiyo ndiyo ningeiweka mbele ya zote katika ule ubishi wetu. Santuri hiyo haina upande wa kwanza na wa pili, ina upande mweupe na upande mweusi. Nyimbo zote sita za upande mweusi ni za Freddie. Picha ya jalada, iliyopigwa na Mick Rock, yaonyesha nyuso nne zilizotokeza gizani bila miili, nayo ilifuata mfano wa picha ya kale ya mcheza sinema Marlene Dietrich. Upande mweusi unaanza na utepe unaopigwa kinyumenyume, mwisho ukitangulia mwanzo, ndipo magitaa yanapovamia kwa kelele ya vita. Ni vita vya mazimwi, na mtoto wa pwani haambiwi zimwi ni nini.

Wimbo unaofuata una habari ya kutisha zaidi, kwa kuwa ni ya kweli. Freddie alikuwa ameiona katika jumba la sanaa la Tate, London, picha iliyochorwa na Richard Dadd. Mchoraji huyo alipatwa na wazimu, akamwua baba yake mzazi mwaka 1843, akafungwa katika hospitali ya wenye wazimu. Humo ndani, kati ya mwaka 1855 na 1864, aliichora picha hiyo, ambayo urefu wake ni kiasi cha sentimita 54 tu. Ndani yake wamejaa viumbe wadogo wa kichawi, wamesimama katikati ya majani, wakimngoja mmoja wao ashushe shoka. Mchoraji alifanya kazi miaka tisa na shoka halikushuka. Freddie aliichukua picha ile akaifanya wimbo wa chini ya dakika tatu, wenye kinanda cha namna ya kale, na viumbe wale akawaita mmoja mmoja kwa majina. Nimeusikiliza mara nyingi huku nikiitazama picha kwenye simu, na naona kwamba wimbo huu unatia baridi mwilini kuliko santuri nyingi zenye mafuvu na damu juu ya majalada yake.

Watu watasema Queen si bendi ya metali. Ni kweli, hawakukaa katika muziki wa namna moja. Lakini mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1974 walitoa wimbo wa Stone Cold Crazy, wenye mwendo wa kasi ambao wengine hawakuufikia ila miaka mingi baadaye. Bendi ya Metallica ya Marekani iliuimba tena mwaka 1990, na mwaka 1991 ikapewa tuzo ya Grammy katika fungu la metali kwa ajili ya wimbo huo. Basi wenye ubishi wawaulize Metallica.

Tena kuna jambo la tarehe. Bohemian Rhapsody, wimbo wake mashuhuri kupita zote, ulitoka tarehe 31 Oktoba 1975, siku ya Halloween yenyewe. Una urefu wa dakika 5 na sekunde 55, na wakubwa wa kampuni walidhani hakuna redio itakayoupiga wote. Kisa chake ni cha kijana aliyeua mtu, na mashetani wakamgombania. Sauti za watu watatu zilipandishwa moja juu ya nyingine katika utepe hata zikawa kama kwaya nzima, na katikati ya kelele hiyo linasikika neno la Bismillah, neno ambalo kila mtoto wa Unguja hulisikia tangu asubuhi. Wimbo ulikaa majuma tisa mfululizo juu ya nyimbo zote za Uingereza. Miaka mitatu baadaye, usiku wa Halloween wa mwaka 1978, walifanya karamu ya santuri yao mpya mjini New Orleans, nayo ikawa na fujo nyingi kiasi kwamba haifai kusimuliwa katika gazeti la shule.

Sinema nazo alizipenda. Mwaka 1984 bendi ilitia vipande vya Metropolis, sinema bubu ya Kijerumani ya mwaka 1927, katika picha za wimbo wao mmoja. Lakini mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, walikwenda kuimba Sun City, Afrika ya Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, na wanamuziki wengine walipokuwa wamekataa kwenda. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Mtu aliyezaliwa Afrika alipaswa kujua, na sioni njia ya kumtetea. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, alisimama mbele ya watu kama 72,000 katika uwanja wa Wembley kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia, na kwa dakika 21 tu akawashinda waimbaji wote wa siku ile. Mambo hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Katika ujana aliishi na mwanamke, Mary Austin, aliyebaki rafiki yake hata mwisho; miaka yake ya baadaye aliishi na mwanamume, Jim Hutton. Mwaka 1987 waganga walimwambia kwamba ana ukimwi. Dawa za kuurefusha uhai kama zilizopo leo hazikuwapo, na waliougua walikimbiwa hata na jamaa zao. Sasa hofu haikuwa tena ya mazimwi wala ya mashetani wa kwenye utepe. Alifanya kama alivyofanya juu ya Unguja: alinyamaza, akafanya kazi. Alikonda, waandishi wa magazeti wakalinda mlango wake, naye akaendelea kuingia studio, London na Montreux huko Uswisi, akiwataka wenzake wampe nyimbo aimbe kabla nguvu hazijamwishia. Santuri ya Innuendo ilitoka Februari 1991. Wimbo wake wa mwisho, The Show Must Go On, aliuimba alipokuwa kusimama kwenyewe ni taabu, na sauti haina upungufu wowote. Ausikilize mtu anayedhani kwamba nyimbo za kutisha lazima ziwe na kelele.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tangazo la ugonjwa wake. Kesho yake jioni alikufa nyumbani kwake Kensington, umri wake miaka 45. Mazishi yaliongozwa na makuhani wa Kiparsi kwa sala za wazazi wake.

Tarehe 20 Aprili 1992 uwanja wa Wembley ulijaa tena kwa ajili ya kumkumbuka. Walikuja Metallica, wakaja Guns N' Roses, na pamoja na Queen akasimama Tony Iommi, yule wa Black Sabbath, na gitaa lake. Fedha zilizopatikana zilianzisha mfuko wa kupigana na ukimwi, uitwao Mercury Phoenix Trust.

Unguja haikukubaliana naye upesi. Mwaka 2006 palikusudiwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, lakini jumuiya ya Uamsho ilipinga, ikisema mwenendo wake haukulingana na dini ya kisiwa, na sherehe ikavunjwa. Mwaka 2019 kulifunguliwa makumbusho yake huko Shangani, Mji Mkongwe, penye picha za utoto wake. Majivu ya mwili wake hayapo pale. Alikabidhiwa Mary Austin, kama alivyoagiza marehemu, ayaweke mahali pa siri, na Mary hajapataja.