MAGGIE LENA WALKER: BINTI WA DOBI ALIYEFUNGUA BENKI

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu methali hii tunaipachika tu kwenye insha ili mwalimu atuongezee alama, basi. Lakini kuna mama mmoja aliyeishika kwa mikono miwili akaigeuza gazeti, duka na benki, na kupitia hivyo akawapa kazi ya heshima wanawake waliodharauliwa kwa sababu ya rangi yao. Huyo ni Maggie Lena Walker wa mji wa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani.

Maggie alizaliwa mwaka 1864, wakati Wamarekani wa kaskazini na wa kusini walipokuwa wakipigana vita ambavyo mwisho wake ulikuwa kukomeshwa kwa utumwa. Mamake, Elizabeth Draper, alikuwa mtumishi wa jikoni katika nyumba ya Elizabeth Van Lew, mama wa kizungu tajiri aliyeuchukia utumwa. Baadaye Elizabeth aliolewa na William Mitchell, mhudumu wa hoteli, na familia ikahamia katika nyumba yao ndogo.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Mwaka 1876 Mitchell alipatikana amekufa maji katika mto James. Mama akabaki na watoto wawili na mikono yake tu. Akafanya udobi, akiwafulia wazungu nguo. Kazi ya Maggie ilikuwa kubeba makapu ya nguo chafu kuzileta nyumbani na kuzirudisha zikiwa safi. Hebu fikiri: mtoto wa miaka kumi na miwili, kapu kichwani, kila wiki anaziona nyumba za wenye nazo kwa mlango wa nyuma. Hapo ndipo alipojionea jinsi mwanamke mweusi anavyoweza kufanya kazi usiku na mchana na bado asiwe na kitu.

Pamoja na hayo hakuacha shule. Mwaka 1883 alihitimu ualimu, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakazua jambo. Wanafunzi wa kizungu walikuwa wakifanyia sherehe yao ya kuhitimu katika ukumbi mkubwa wa mji, ilhali weusi walipelekwa kanisani. Darasa la akina Maggie likakataa kata kata. Ukumbi hawakuupata, lakini walikwisha kuonyesha kwamba si watu wa kusukumwa tu.

Alifundisha miaka mitatu, na jioni akawa anajifunza mambo ya hesabu za biashara. Mwaka 1886 aliolewa na Armstead Walker, aliyekuwa katika biashara ya ujenzi wa matofali. Siku hizo, mwalimu wa kike akiolewa, kazi kwisha! Ikambidi aache ubao na chaki. Wengine wangelia na kunyamaza, lakini yeye akaelekeza nguvu zake zote kwenye chama alichojiunga nacho akiwa msichana wa miaka kumi na minne.

Chama hicho kiliitwa Independent Order of St. Luke. Kilianzishwa Baltimore mwaka 1867 na mwanamke aliyeitwa Mary Prout, kazi yake ikiwa kuwasaidia watu weusi wakati wa ugonjwa na mazishi. Mwanachama hutoa mchango mdogo, na shida ikija, wenzake humwinua. Kufikia 1899 chama kilikuwa mahututi. Sandukuni mlikuwa na dola 31 na senti 61, na madeni ya dola 400. Wakati huo ndipo Maggie alipopewa wadhifa wa katibu mkuu, kwa mshahara mdogo kuliko wa mwanamume aliyemtangulia. Ama kweli, jahazi linalozama ndilo alilokabidhiwa mama huyu!

Sasa tuelewe hali ilivyokuwa. Katika Richmond ya wakati huo mwanamke mweusi alikuwa na njia chache mno za kupata riziki. Angeweza kuwa mtumishi wa nyumba, dobi, au kibarua wa kuchambua majani ya tumbaku kiwandani. Waliobahatika kusoma walikuwa walimu. Ofisini hakukanyaga ila kwa ufagio. Na kuuza dukani? Maduka makubwa yalipenda pesa zake lakini hayakutaka kumwajiri. Maggie aliona kwamba kumwombea mwanamke huyu kazi kwa watu wasiomtaka ni kutwanga maji kwenye kinu. Dawa ilikuwa kujenga mahali pa kazi penyewe.

Mwaka 1902 akaanzisha gazeti la chama, St. Luke Herald, lililokemea mauaji ya watu weusi na ubaguzi wa kila namna. Kisha akaenda kukaa katika benki moja ya wazungu mjini humo ili ajifunze jinsi kazi ya benki inavyoendeshwa. Tarehe 2 Novemba 1903, St. Luke Penny Savings Bank ikafungua milango. Siku ya kwanza tu watu waliweka zaidi ya dola 9,000. Hivyo Maggie akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuanzisha benki na kuwa rais wake.

Benki hiyo haikudharau senti. Madobi na watumishi wa nyumbani walileta akiba zao, na watoto walipewa visanduku vya kuwekea senti moja moja. Pesa hizo hazikulala. Zilikopeshwa watu weusi wakanunua nyumba, na kufikia 1920 nyumba zaidi ya 600 zilikuwa zimepatikana kwa njia hiyo. Na ndani ya benki, gazetini na katika ofisi za chama, walioshika vitabu vya hesabu, walioandika barua kwa taipu, waliohesabu noti, wengi walikuwa wasichana weusi. Walijifunza kazi hapohapo kazini.

Je, kila kitu kilikwenda sawa? La, hasha. Mwaka 1905 akina mama wa St. Luke walifungua duka kubwa, St. Luke Emporium, ambalo wauzaji wake walikuwa wanawake weusi. Wafanyabiashara wa kizungu wakaungana kulipiga vita, wakiwashinikiza wauzaji wa jumla wasiliuzie bidhaa. Lililomuuma Maggie zaidi ni kwamba hata weusi wengi waliendelea kupeleka pesa zao kule kule walikodharauliwa. Mwaka 1911 duka likafungwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Misiba nayo haikumpa nafasi. Mwaka 1915 mwanawe Russell alimpiga mumewe risasi na kumwua, akidhani ni mwizi. Russell alishtakiwa, mahakama ikamwachilia, lakini naye akafariki mwaka 1923. Miguu ya Maggie ikadhoofika, na kuanzia 1928 akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Mnadhani alistaafu? Wapi! Alitengenezewa lifti nyumbani na gari lililoweza kubeba kiti chake, akaendelea kwenda kazini.

Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 1929, mabenki mengi yalifilisika. Benki ya Maggie iliungana na nyingine mbili za watu weusi ikawa Consolidated Bank and Trust, naye akawa mwenyekiti wa bodi. Benki hiyo iliendelea hadi karne ya 21. Maggie mwenyewe aliaga dunia tarehe 15 Desemba 1934, akiacha chama chenye maelfu kwa maelfu ya wanachama katika majimbo zaidi ya 20. Nyumba yake mjini Richmond sasa ni makumbusho ya taifa, na mwaka 2017 sanamu yake ilisimamishwa mjini humo.

Wasomaji wapenzi, tunajifunza nini? Maggie alijua kwamba kumpa mwanamke maneno matamu ya kumtia moyo hakutoshi. Mpe ujuzi, mpe meza ya kazi, mpe mshahara, halafu umwamini na funguo za sanduku. Na sisi tulio nje tuna wajibu wetu, kwani duka la St. Luke halikuuawa na maadui pekee. Liliuawa pia na wateja waliolipita mlangoni. Dada zetu wa kabila lolote, wa pwani na wa bara, wanapofungua biashara au kushika ofisi, tusiwe wa kupiga makofi kwa mbali kisha tukanunue kwingine.

Basi, mwenye masikio na asikie.